Tarehe za Bwana Saa

Ofisi ya Usajili, Chuo cha Uuguzi
4 Mei

Mpwa wangu Kiroboto,

Hamjambo huko? Huku hatujambo. Wifi wa mama yako anawasalimu, goti lake bado linamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Binamu zako wamekua, viatu ninavyowanunulia vinadumu muhula mmoja tu.

Sasa kaa chini. Juzi orodha ya waliochaguliwa ilishuka kutoka juu. Nikaiweka mezani, nikaivuta mashine yangu ya kuchapa, ile ambayo herufi ya K lazima uipige mara mbili, nikaanza kuchapa barua moja moja. Majina ni themanini. Nilipofika la sitini na moja nikasimama. Nikalisoma tena. Nikamwita mfagizi anisomee, maana sikujiamini. Ni wewe! Nikacheka peke yangu mpaka mfagizi akaniuliza kama kuna habari mbaya nyumbani.

Barua rasmi utaipata kwa posta, nimeichapa kwa mkono wangu. Ndani yake kuna orodha ya makaratasi matano: fomu ya kukubali nafasi, fomu ya daktari, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha nne ndogo, na fomu ya mzazi au mlezi. Yote matano yafike mezani kwangu kabla ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja daftari nimelifunga. Kuna orodha ya akiba ya watu thelathini na nne, wote wanaombea mtu mmoja tu achelewe.

Nakuomba usiniaibishe. Miaka kumi na minane nimekaa kwenye kiti hiki nikiwakimbiza watoto wa watu walete makaratasi. Mwaka jana mmoja aliniletea picha aliyokata kwenye picha ya harusi, mkono wa mtu mwingine umebaki begani kwake. Mwingine alileta cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Sitaki mtoto wa dada yangu awe kichekesho cha mwaka huu.

Mpe dada shikamoo yangu. Muulize kwa nini haniandikii tena. Tangu mwaka jana sijaona mwandiko wake. Kama nimemkosea aniambie.

Mjomba wako

*

Nyumbani
19 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua zako zote mbili, ile rasmi na ile ya kwako, zimefika siku moja. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji, alidhani kunaungua. Mama alinishika mikono yote miwili, akasema, "Nilijua." Halafu akarudi kwenye cherehani yake.

Sisi wazima. Mama hajakukasirikia, Mjomba. Amebanwa na kazi tu, anashona sare za shule nzima. Ndiyo maana naandika mimi kwa niaba yake.

Makaratasi yanaendelea vizuri. Picha nimepiga, ingawa mpiga picha aliniambia nisicheke na mimi nikacheka, tukarudia mara tatu. Daktari amenipima, amesema ni mzima ila niache kukimbia kwenye ngazi za hospitali. Cheti nimetoa nakala. Fomu ya kukubali nimejaza. Imebaki moja tu, ile ya mzazi. Mama amesema ataitia sahihi, tusimkimbize. Ameiweka kwenye droo ya cherehani.

Halafu kuna swali. Usikasirike, si langu, ni la Mama. Anauliza hivi: hiyo tarehe 30 Juni ni ya kweli, au ni ya kwako?

Unajua anachomaanisha. Harusi ya binamu, ulituambia saa mbili asubuhi. Tulikaa saa tatu nzima na wapanga viti, tukawasaidia na viti vyenyewe. Siku ya kumpeleka Babu hospitali ulisema gari linakuja saa kumi na mbili, likaja saa tatu, Babu amevaa koti tangu alfajiri. Mama hakuiti jina lako tena, anakuita Bwana Saa. Anasema kwenye kila tarehe yako lazima mtu aongeze wiki mbili ndipo aipate ya kweli.

Tafadhali niambie nipange mambo yangu.

Kiroboto wako

*

Ofisi ya Usajili
29 Mei

Kiroboto,

Marahaba. Sisi wazima, goti nalo limepoa.

Mwambie mama yako kwamba Bwana Saa amekasirika. Kama si mimi kuwaambia saa mbili, mngefika kwenye ile harusi watu wakiosha sahani. Ukoo mzima huu haujawahi kuwahi kitu tangu enzi za Babu, na anayewasukuma ndiye anayechekwa!

Lakini kwa kuwa wewe ni damu yangu, na kwa kuwa sipendi kukudanganya katika jambo hili, nakueleza kitu ambacho hata mke wangu hakijui. Ukishasoma, chana.

Tarehe ya chuo ni 14 Julai. Hiyo 30 Juni nimeiweka mimi.

Usinihukumu. Zamani nilikuwa naandika tarehe ya kweli. Mwaka mmoja siku ya mwisho ikafika, nina mafaili sitini na tisa kati ya themanini. Wakaja siku tatu baadaye wamejipanga mpaka kwenye maua, huyu analia, huyu na shangazi yake, huyu kakaa na fomu wiki sita akitafuta kalamu ya wino mweusi kwa sababu tuliandika "wino mweusi". Niliwapoteza kumi na mmoja mwaka ule. Nafasi zao zilikwenda kwa wengine nikiwatazama wakivuka uwanja kurudi kwao. Mwaka uliofuata nikairudisha nyuma tarehe kwa wiki mbili, sikumwambia mtu. Tangu hapo sijampoteza hata mmoja. Mkuu wa chuo wa zamani alidhani nina dawa.

Kwa hiyo una nafasi ya kupumua, lakini usipumue. Leta yote kabla ya 30 Juni kama wengine. Na usimwambie mama yako, maana namjua.

Kisichoniingia akilini ni hiyo fomu ya mzazi. Ni mstari mmoja. Anaandika jina, anatia sahihi, basi. Dada alinitilia sahihi fomu yangu ya kuingia sekondari akiwa na miaka ishirini, wazazi wakiwa mbali. Alisimama dirishani pa karani kama mama wa watoto sita, akasaini bila kuketi. Sahihi yake naijua kuliko yangu, na ule mkia wake unaorudi kupita chini ya jina lote. Imekuwaje leo iwe kazi ya wiki tatu?

Mjomba

*

Nyumbani
11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe. Siri imenitoka.

Sikukusudia. Mama aliniuliza barua inasema nini, nikasema hakuna kitu, akasema mbona umeisoma mara mbili kwa hakuna kitu. Basi nikamwambia ni tarehe 14 Julai. Unajua alivyojibu? "Kama Bwana Saa amesema ni 14 kwa siri, basi ni 28. Hata siri zake zina nyongeza." Akacheka sana. Fomu ikabaki kwenye droo.

Sasa mimi nina tarehe tatu, Mjomba, na sijui nishike ipi. Nikishika ya kwanza Mama ananiambia naharakisha. Nikishika ya pili unasema nisiishike. Ya tatu ameitunga yeye. Nimeziandika zote kwenye kalenda ya ukutani na kuzizungushia duara, sasa kila mgeni anauliza kuna harusi ngapi.

Nimemwambia Mama nimletee kalamu atie sahihi hapo hapo nikiwa nimesimama. Akasema ana unga mikononi. Kesho yake akasema mwanga si mzuri. Ilikuwa saa sita mchana.

Habari nyingine ni za kawaida. Kila asubuhi kabla sijatoka namtungia Mama nyuzi kwenye sindano kumi na nne, nazichoma kwenye kimto chake zikae tayari, ili asipoteze muda. Wiki iliyopita tulicheka mpaka mbavu zikauma, alishona mkono wa sare ya mteja ndani nje. Mteja hakucheka. Tulifumua wote wawili.

Niombee nisichanganyikiwe zaidi ya hapa.

Kiroboto

*

Ofisi ya Usajili
20 Juni

Kiroboto,

Salamu baadaye. Soma hii umesimama.

Chuo kimepata Mkuu mpya. Ana miwani ya kamba na anasoma kila kitu, hata tangazo la choo. Jana aliingia ofisini kwangu, akachukua nakala ya barua ya wanafunzi wapya, akaisoma mpaka chini. Akasema, "Tarehe 30 Juni. Safi." Leo kwenye kikao ametangaza mbele ya walimu wote: asiyekamilisha tarehe 30 Juni saa kumi, jina lake linatoka. Tarehe 14 Julai atakagua faili moja moja kwa mkono wake, kisha barua za watu wa akiba zitatumwa.

Unaelewa? Tarehe yangu ya uongo imekuwa ya kweli. Nilifungua mdomo nimwambie. Walimu ishirini na wawili wananitazama. Ningesema nini, kwamba tarehe kwenye barua ya chuo, yenye muhuri wa chuo, nimeitunga mimi mezani kwangu? Nikaufunga mdomo nikaandika kumbukumbu za kikao kama kawaida.

Kwa hiyo sahau 14. Sahau 28 ya mama yako. Ni 30 Juni, naapa kwa kaburi la Babu. Najua nimekwisha kusema hivyo siku za nyuma kwa mambo mengine. Safari hii ni kweli tupu.

Basi la wiki limekwisha kuondoka asubuhi hii, kwa hiyo hii naikimbiza posta sasa hivi. Wewe usitumie posta, mpe konda wa basi bahasha mkononi. Dada atie sahihi leo, hata akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Mjomba

*

Nyumbani
22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Sina barua yako mpya, naandika tu kwa kuwa nina swali.

Kuna rafiki yangu naye amechaguliwa chuo kama mimi. Nyumbani kwao wako wawili tu. Sasa huyo rafiki anaona kama akiondoka, yule atakayebaki hatoweza peke yake. Je, mtu anaweza kuomba nafasi yake iwekwe mpaka mwakani? Au ikishapotea imepotea?

Ni swali tu. Mama anakusalimu, hana neno.

Kiroboto

*

Ofisi ya Usajili
3 Julai

Mpwa wangu,

Sijui nianzie wapi. Kichwa kinaniwanga tangu siku ile.

Tarehe 30 nilikaa dirishani tangu asubuhi. Basi la kwenu lilikuwa limeingia tangu juzi yake, na konda alinionyesha mikono mitupu. Kilichokuja siku hiyo ni barua yako ya 22 kwa posta, ya huyo rafiki. Nikaisoma, nikaisoma tena. Nafasi haiwekwi mpaka mwakani, mwambie. Ikienda imekwenda.

Saa tisa na nusu Mkuu akaingia, akavuta kiti, akaanza kuhesabu mafaili kwenye kabati la chuma. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Akafika hamsini, simu ikalia ofisini kwake, akatoka.

Kiroboto, nimefanya jambo ambalo sijalifanya miaka kumi na minane. Nilichukua bahasha ya kahawia, nikaandika jina lako na namba 61. Ndani nikatia ratiba za mitihani za mwaka juzi ili iwe na unene. Nikagonga muhuri juu yake: IMEPOKELEWA 30 JUNI. Nikaisukuma kwenye kabati. Mkuu aliporudi akahesabu upya, akapata sabini na nne.

Waliochelewa walikuwa saba, nami nikatengeneza bahasha moja. Wale wengine sita ni watoto wa watu, walikuja siku mbili tatu baadaye wamekimbia, wameshika makaratasi yao. Niliyapokea nikayafungia kwenye droo, nikashindwa kuwatazama usoni. Ni tarehe yangu iliyowaangusha.

Tarehe 14 Mkuu atafungua faili moja moja. Akifungua lako akute ratiba za mitihani, mimi sina kazi na wewe huna chuo.

Sasa niambie ukweli. Nani huyo rafiki? Na dada ana nini? Kama hataki usome, aseme. Kama ananichukia, aseme. Nimewaza kila kitu na hakuna hata kimoja kinachoingia akilini. Mtu aliyesimama dirishani akanisainia mimi anakataa kumsainia mwanawe!

Mjomba

*

Nyumbani
11 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Fomu iko ndani ya bahasha hii pamoja na mengine yote. Nampa konda kesho asubuhi mkononi mwake. Sasa nisikilize, kwa sababu Mama hajui kama nakuandikia haya.

Rafiki ni mimi. Ulishajua.

Barua yako ya tarehe 20 ilifika tarehe 28 mchana, basi limeondoka asubuhi ile ile. Nilimsomea Mama. Nilidhani atasema Bwana Saa ameanza tena. Hakusema. Aliniuliza, "Ameapa kwa kaburi la Babu?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani akafunga mlango. Basi la wiki iliyofuata, la tarehe 5, likapita, bado ananiambia kesho.

Barua yako ya tarehe 3, ile ya bahasha ya kahawia, ilifika jana. Mama alikuwa kwa mteja. Nikasema potelea mbali, nikafungua droo ya cherehani nichukue fomu nisaini mwenyewe. Droo ilikuwa imejaa zile karatasi anazochorea vipimo vya nguo. Zote zina sahihi yake, Mjomba. Mbele na nyuma. Nilianza kuhesabu nikaacha kwenye sitini. Nyingine imepanda juu, nyingine imeshuka, nyingine imeandikwa juu ya nyingine. Chini kabisa palikuwa na fomu, nyeupe, haijaguswa.

Mama haoni. Anaona mwanga, na mtu akisimama anaona kwamba kuna mtu. Ilianza mwaka juzi. Mimi nilijua kidogo, kwa ajili ya sindano, lakini nilijitia hamnazo kwa kuwa naye alijitia hamnazo. Anashona kwa vidole. Ndiyo maana hakuandikii.

Aliporudi nilikuwa nimekaa sakafuni na makaratasi yale. Nikamuuliza kwa nini hakuniacha nimsainie. Akasema, "Yule anaijua sahihi yangu. Ukiandika wewe atajua ni wewe. Nikiandika mimi atajua siwezi. Nilikuwa natafuta moja tu iliyokaa sawa." Halafu akasema zile tarehe zako zilimfaa sana, maana kila siku alikuwa na sababu ya kungoja.

Nikamshika mkono nikauweka kwenye karatasi. Akasaini mara moja. Imetoka nje ya mstari, imepita juu ya kile kisanduku cha "matumizi ya ofisi". Utaiona.

Na mimi sijui nije au nisije. Nikija, nani atamtungia sindano? Nisipokuja, zile sahihi sitini alikuwa anaziandika za nini? Nazunguka hapo hapo tangu jana. Niambie wewe.

Kiroboto

*

Ofisi ya Usajili
15 Julai

Mwanangu,

Bahasha niliipokea kituoni tarehe 12 jioni, konda akiwa bado mlangoni mwa basi. Niliifungua chini ya taa ya duka. Nimeiona sahihi. Mkia wake ule ule, unarudi nyuma, ila umepotea njia kidogo. Nililia pale, Kiroboto. Muuza duka akanipa kiti.

Asubuhi yake nilitoa ratiba za mitihani kwenye ile bahasha ya kahawia nikatia makaratasi yako. Sasa kila kitu kilikuwa sawa, na muhuri wa 30 Juni uko juu. Ningeweza kunyamaza.

Jana Mkuu akaja na miwani yake ya kamba. Faili la kwanza, la pili, la tatu, nami nimesimama kama mshtakiwa. Kufika la 61 akasimama. Akaigeuza fomu huku na huku. "Huyu mzazi hajui kuandika? Amesaini mpaka kwenye nafasi yangu."

Nilikuwa nimejiandalia jibu zuri. Nikasikia mdomo wangu unasema jingine.

"Ni dada yangu, Mkuu. Haoni. Na mimi niko hapa kwa sababu ya sahihi yake."

Basi nikamwaga yote. Tarehe ninazozitunga, bahasha ya uongo, ratiba za mitihani, watoto sita kwenye droo. Nikaifungua droo nikayaweka mafaili yao mezani. Nilisikia saa ya ukutani, na hiyo saa naijua, inakwenda mbele dakika kumi, niliiweka mimi.

Akaniuliza, "Tarehe ya chuo, ile ya kweli, ni ipi?"

"Kumi na nne Julai."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne, Mkuu."

Akavuta mafaili yale sita, akayaweka pamoja na mengine. Akasema, "Basi hawa wote saba wamefika kwa wakati. Wewe ndiye uliyewahi mno." Halafu akanipa onyo la maandishi, na kwa kuwa hana karani mwingine, nililichapa mwenyewe. K mara mbili. Kuanzia mwakani tarehe ataandika yeye.

Sasa kuhusu dada. Hospitali ya chuo ina daktari wa macho, anakuja kila Jumanne. Nimemweleza. Anasema kwa maelezo hayo huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa, lakini hawezi kuahidi kabla ya kumtazama. Hata mimi siahidi. Huenda ikawa ni jingine. Lakini atazamwe.

Njooni wote wawili. Chumba cha nyuma hapa kwangu kina mlango wake, na cherehani inaingia, nimepima. Sindano ataweza kutungiwa na yeyote, hata mimi, nikivaa miwani. Kutoka nyumbani mpaka darasani kwako ni kuvuka uwanja tu.

Mwambie dada nimejua na sijaudhika. La, mwambie nimeudhika. Miaka miwili! Angeniambia. Mwambie hivyo, kisha mwambie namsubiri.

Basi ni la tarehe 9 Agosti, linaondoka kwenu saa mbili asubuhi. Saa mbili, Kiroboto. Sijaongeza wala kupunguza.

Mjomba wako

*

Nyumbani
30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Mama neno kwa neno, hata pale ulipolia. Nilidhani atanifokea kwa kukwambia. Aliniambia nirudie pale pa muuza duka kukupa kiti. Nimeparudia mara tatu. Kisha akauliza kama ile saa mbili ni ya kweli au ni ya kwako. Nikasema ni ya kweli. Hakuniamini. Amekwisha kufunga sanduku lake, siku kumi kabla, na cherehani ameifunga kwa shuka na kamba, na sare za watu zilizobaki amempa fundi wa jirani. Sasa hana la kufanya, anakaa karibu na mlango anauliza leo ni tarehe ngapi.

Ana hofu, Mjomba. Juzi aliniuliza, je, daktari akisema haiwezekani? Nikamwambia basi nitakuwa ng'ambo ya uwanja tu. Akasema, "Haya." Mimi pia naogopa, lakini sizunguki tena hapo hapo.

Anasema uje kutupokea kituoni saa tisa kamili. Nimemuuliza konda, anasema basi huwa linafika saa kumi na moja. Nilipomwambia Mama, akasema anajua, ila wewe usiambiwe. Ndipo nikaelewa ugonjwa wa tarehe umeanzia wapi kwenye ukoo huu.

Ametaka asaini barua hii mwenyewe. Sahihi yake iko hapa chini. Sikumchorea mstari, kwa hiyo safari hii haikutoka nje.

Kiroboto wenu